Jani Lisiloliwa

Sogeza kigoda karibu na jiko, msikilizaji wangu, ila kaa upande huu, maana moshi unaelekea kule. Nimebandika wali wa maziwa kwa ajili ya wanangu, na kabla sijakusimulia lolote ningependa uinuse sufuria hii. Harufu ya kwanza ni ya maziwa yanayotaka kupanda. Ya pili ni ya sukari. Usiwe na haraka. Ipo ya tatu inayokuja nyuma yao, iliyo kati ya karafuu, mti mkavu na ile dawa ya kupaka kifuani mtoto akiwa na mafua. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikuite.

Inatoka kwenye jani moja tu. Ni refu kama kidole, kavu, gumu, la kijani kilichofifia. Ukiliulizia dukani, mmoja atakuambia ni bei lifu, mwingine atakuambia ni jani la pilau. Nyumbani kwetu halikuwa na jina, na kitu kisicho na jina kikionekana ndani ya sufuria ya watu, lazima kitapewa jina na mtu fulani, na mara nyingi si jina zuri.

Kila ninapolitia jani hilo kwenye maziwa, hapa kwangu Nzuguni, pua yangu hunirudisha Chang'ombe, kwenye ua wetu wenye jiko la mabati, siku zile nilipokuwa darasa la nne. Najiona nimechuchumaa nyuma ya pipa la maji, magoti yamegusa kidevu, nikimchunguza mwanamke aliyekuwa akinipikia.

Wacha nikueleze taratibu jinsi nilivyofika nyuma ya lile pipa.

Mama yangu alifariki nikiwa mtoto wa kubebwa, na ninachokumbuka kwake ni joto la mgongo tu. Nililelewa kwanza na Bibi, mama yake Baba, kule Mkonze, katikati ya mbuzi na karanga. Nilipofikia umri wa shule Baba akanichukua. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtu wa maneno machache, na siku nyingi alirudi nimeshasinzia kwa jirani, akanibeba huku akinuka chuma na pombe. Tuliishi hivyo, mimi na yeye, kama abiria wawili waliokaa kiti kimoja na hawajuani. Kisha akamwoa Mwanaidi, na mimi nikaambiwa nimwite Mama Mdogo.

Mama Mdogo alikuwa Mrangi wa Kondoa. Baba yake alizunguka minadani akiuza viungo na sabuni, na alipomwoza binti yake alimpa, pamoja na mkeka na masufuria, mfuko wa viungo uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndoa ilifungwa bomani, kwa kuwa sisi tulikuwa watu wa kanisani na yeye mtu wa msikitini. Siku hiyo Shangazi Tabitha, dada yake Baba, alikunja uso. Shangazi alikuwa na uso unaokunjika vizuri, na akishaukunja hakuwa na haraka ya kuukunjua.

Sasa lazima nikueleze kuhusu majani, la sivyo utatuona wajinga. Sisi wa nyanda hizi za katikati mvua zetu ni fupi na kiangazi chetu ni kirefu. Kwa hiyo mvua ikinyesha, majani ya kunde, ya maboga na ya mlenda huchumwa kwa pupa, huanikwa juu ya mawe na juu ya mapaa, hutwangwa na kuhifadhiwa. Kiangazi kikifika, upepo ukiwa umebeba vumbi lote na kulimwaga kwenye nyumba zetu, unga ule wa majani ndio mboga. Mtoto aliyelelewa na Bibi yangu alijua jambo hili kabla hajajua kuhesabu: jani ni chakula. Bibi alikuwa akisema, "Jani likiingia chunguni, limeingia tumboni." Majani pekee aliyoyachemsha kisha akayatupa ni ya mwarobaini, na hayo yalikuwa ya homa. Kanuni ikawa wazi kichwani mwangu kama mstari uliochorwa kwa rula. Jani linaloliwa ni mboga. Jani lisiloliwa ni dawa.

Na Mama Mdogo alikuwa na jani lisiloliwa.

Mara ya kwanza nililiona kwenye maharage. Alilitia mapema, zima, pamoja na kitunguu, akafunika. Harufu ikatanda uani mpaka jirani akauliza leo kuna sikukuu gani. Lakini maharage yalipoiva, kabla ya kupakua, alitazama mlangoni, akaugeuzia ua mgongo, akalitoa jani kwa kijiko, akalikung'uta, kisha akalifunga kwenye pindo la kanga yake. Mimi nilikuwa nimefuata kikombe cha maji. Nilisimama nikiwa na kikombe kitupu, nikasahau kiu.

Ningeweza kulisahau lile la maharage. Lakini baada ya siku chache alipika wali wa maziwa, mtamu, mzito, ule ambao kijiko kikisimama hakianguki, nikaliona jani lile lile likizunguka katikati ya maziwa kama mtu aliyekaa mahali pasipo pake. Nyumbani kwa Bibi vitu vya chumvi na vitu vya sukari havikujuana. Sukari ilikuwa ya uji na chai, chumvi ilikuwa ya mboga, basi. Hiki kilichotembea kote kote kilikuwa nini? Na kama mara ya kwanza, likatolewa kwa kugeuza mgongo, likafungwa kwenye pindo.

Ndipo nilipoanza kukaa nyuma ya pipa.

Mwisho wa juma nikaenda Mkonze kama kawaida, na nikamsimulia Bibi, kama mtoto anavyosimulia habari za shule. Alikuwa akimenya karanga na Shangazi Tabitha. Mikono ya Bibi ikasimama.

"Linaingia kwenye chumvi?"

Nikasema ndiyo.

"Na kwenye sukari?"

Nikasema ndiyo.

"Halafu haliliwi."

"Haliliwi, Bibi. Analifunga kwenye kanga."

Bibi akarudi kwenye karanga zake. Akamenya kadhaa, kisha akasema kwamba kitu kinachokaa na chumvi, kikakaa na sukari, na bado hakiliwi, hakikuja kwa ajili ya chakula. Shangazi ndiye aliyelitoa neno. Alilitoa kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa nalo mdomoni tangu siku ya ndoa: limbwata.

Baadaye nilimuuliza Bibi limbwata ni nini. Akanieleza kwamba ni kitu ambacho mwanamke huweka kwenye chakula ili anayekula ampende mpishi na asisikie la mtu mwingine. Nikawaza sana. Kwa maelezo hayo, chakula chochote kitamu kilikuwa na hatia.

Lakini ushahidi ulikuwepo, na Shangazi aliukusanya vizuri. Baba alikuwa anarudi nyumbani jua bado liko juu. Baba alikuwa anacheka. Nilimsikia kwa masikio yangu, na mwanzoni nilidhani amepaliwa. Baba alifunga madumu kwenye baiskeli akaenda bombani mwenyewe. Siku moja Shangazi alipita bila hodi akamkuta kaka yake amechuchumaa anapepea mkaa, mkewe amekaa kwenye kigoda anamwelekeza. Shangazi alirudi Mkonze na habari hiyo kama mtu aliyetoka msibani.

Kilichonitia hofu zaidi hakikuwa Baba. Kilikuwa mimi. Kwa sababu na mimi nilikuwa nakula chakula kile kile, na kengele ya shule ikilia nilikimbia kwenda nyumbani. Zamani sikukimbia, nilikokota miguu nikipiga mawe teke. Sasa nilikimbia kwa sababu Mama Mdogo angekuwa ameniwekea ukoko wa wali, na angenisuka huku akinisimulia kuhusu milima ya Kondoa, na vidole vyake havikuvuta nywele. Nilikuwa nampenda. Na sikuweza kujua, nikiwa mtoto wa darasa la nne, kama ni mimi niliyempenda au ni jani.

Nikaamua kujipima. Nikaacha kula chakula chake. Nilimwambia tumbo linauma, nikawa nashindia karanga nilizotoka nazo Mkonze na maembe mabichi ya jirani, hata tumbo likaanza kuuma kweli. Nilitegemea upendo utapungua kadiri dawa inavyotoka mwilini. Haukupungua. Nikiwa darasani, njaa inanisokota, nilikuwa namkumbuka yeye na si ukoko. Nikahitimisha kwamba dawa ni kali mno, imeshaingia kwenye mifupa. Mama Mdogo, kwa upande wake, aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akanichemshia tangawizi, hakuniuliza lolote. Hilo nalo nililitilia shaka. Mtu asiye na neno angeuliza.

Bibi naye alikuwa na vipimo vyake. Aliniambia nikipata nafasi nimletee jani moja. Haikuwa kazi ngumu, mfuko ulining'inia msumarini. Nilipompelekea alilinusa, akapiga chafya, akatupeleka zizini mimi na jani. Alikuwa na beberu mmoja aliyekula kila kitu. Alishakula gunia, alishakula daftari langu la hesabu na jalada lake, alishakula kona ya kitenge cha Shangazi akiwa amekivaa. Bibi akamsogezea jani. Beberu akalinusa, akainua mdomo wa juu, akatutazama kwa huzuni, akaondoka zake. Bibi akafunga zizi. Kwa mtu wa Mkonze, mbuzi aliyekataa jani ameshasema vya kutosha.

Shauri likaiva. Ikatumwa habari kwa Baba kwamba Jumapili mama yake na dada yake wangekuja kula, na wakishakula wangekuwa na mazungumzo. Kila mtu alijua mazungumzo gani. Nilimsikia Shangazi akimweleza Bibi jinsi yatakavyokwenda: jani lionekane, Baba alione kwa macho yake, na Mwanaidi afungashe virago arudi kwao Kondoa kabla juma halijaanza. Mimi ningerudi kulelewa Mkonze, au kwa Shangazi. Hakuna aliyeniuliza. Na kama wangeniuliza, ningejibu nini? Ningesema simtaki, ningekuwa nasema uongo. Ningesema namtaka, wangesema mnaona.

Jumamosi nililala Mkonze ili nije na Bibi. Asubuhi ya Jumapili nilimkuta ameshaoga, amevaa kitenge chake kizuri, kile cha Krismasi. Akaniita zizini, akanionyesha mtamba mdogo wa mbuzi mwenye doa jeupe shingoni. "Yule ni wako," akasema. "Ukiulizwa, sema Bibi alinipa mwenyewe." Nikafurahi sana. Nikadhani ananizawadia kwa sababu ya mtihani niliofaulu shuleni. Kisha akafagia ua wote, akaosha vyungu vyake, akavipanga kichwa chini, akafunga mlango wa nyumba, na ufunguo akampa jirani. Nikumbushe tukifika mwisho nikueleze kuhusu vyungu hivyo.

Tulipofika Chang'ombe, Mama Mdogo alipiga goti akasema shikamoo mama, shikamoo wifi. Bibi akaitika marahaba. Shangazi akaitika kwa pua. Mama Mdogo akainuka, akanishika mkono, akaniambia twende jikoni nikamsaidie.

Sufuria ilikuwa motoni, vitunguu vinageuka rangi. Pilau ya nyama ya mbuzi. Akachukua ule mfuko msumarini, akatoa jani, akaniwekea kiganjani.

"Leo weka wewe."

Nililishika kwa ncha za vidole. Lakini yeye alianza kunieleza, kwa sauti ile ile ya kunifundisha kusuka, na mpaka leo mimi hueleza kwa maneno yake. Jani linaingia mapema, likutane na mafuta na kitunguu, kwa sababu ni gumu na halitoi kitu kwa haraka. Usilivunje, ukilivunja vipande vitapotea, na kipande kimoja kikinasa kooni mwa mtoto utajuta. Kwenye pilau, maharage au supu hata mawili hayana neno. Kwenye maziwa ni moja tu, na moto uwe mdogo, kwa sababu maziwa hayajui kukataa. Ukizidisha yatapokea yote na yatakuwa machungu. Watu wanafikiri ni la chumvi peke yake, akasema, lakini sukari bila kitu cha kuishika inachosha mdomo, na jani hili linaishika.

Nikalitia. Likalia kidogo kwenye mafuta, likanyamaza. Ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza swali nililokuwa nalo tangu nyuma ya pipa: kwa nini huwa analitoa kwa kujificha.

Akakoroga vitunguu. Kisha akasema kwamba tangu baba yake alipougua na kuacha minada hana tena wa kumletea, na yaliyomo mfukoni yanaisha. Kwa hiyo akishalitoa huliosha, hulianika, hulirudisha tena, mpaka harufu iwe hafifu. "Sasa mimi ni mgeni hapa. Mkiniona naanika jani nililokwisha kulipikia, si mtasema nimetoka kwenye njaa?"

Nilimtazama. Nikafikiria paa la Bibi, lilivyojaa majani kila mwaka mvua zikikatika, na jinsi ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuona aibu. Lakini sikujua namna ya kulisema hilo. Na sehemu yangu nyingine bado ilikuwa inamtazama kwa jicho la pembeni, maana Shangazi alikuwa ametuonya kwamba mwenye limbwata huwa na maelezo mazuri.

Pilau ilipoiva nikachukua kijiko nilitoe jani. Akanishika mkono.

"Leo usilitoe. Waliokuja wamekuja kuliona."

Akapakua kwenye sinia, na jani akaliweka juu kabisa, katikati, kama bendera.

Tulikaa kwenye mkeka sote, Baba, Bibi, Shangazi, Mama Mdogo na mimi. Baba akashukuru kwa sala fupi. Tukanawa. Mikono ikaenda kwenye sinia, na mkono wa Shangazi ukasimama hewani.

"Wifi, hiki ni nini?"

"Ni jani, wifi."

"Macho ninayo. Jani la nini?"

"La harufu."

"La harufu," akarudia Shangazi, akimtazama kaka yake. "Na huwa mnalila?"

"Hapana. Likishatoa harufu kazi yake imekwisha."

"Umesikia? Lina kazi." Shangazi akafuta mkono kwa kitenge, ingawa mkono ulikuwa haujagusa kitu. "Na aliyeliweka ni nani?"

Sikupanga kusema. Niliona tu macho ya Baba yanaelekea kwa Mama Mdogo, na kabla hayajafika nikasema ni mimi. Ilikuwa kweli. Harufu yake ilikuwa bado kwenye vidole vyangu.

Shangazi akacheka kicheko kifupi, akasema hata mtoto ameshafundishwa. Baba, ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea kwa ukali na dada yake, akamwambia aseme lililomleta. Shangazi akalisema lote. Kwamba mwanamume wa Kigogo anapepea mkaa. Kwamba mtoto anajinyima kula kwa kuogopa chakula cha kwao. Hapo Mama Mdogo akanitazama, nikaangalia mkeka. Kwamba huyu mwanamke arudi kwao leo hii, kabla Baba hajasahau hata jina alilopewa na mama yake aliyekaa pale.

Baba akafungua mdomo. Nami nilijua, kama unavyojua kikombe kinapoteleza mkononi, kwamba chochote atakachosema kitavunja kitu. Akimtetea mkewe, ni dawa inayosema. Asipomtetea, Mama Mdogo ataondoka na mfuko wake.

Ndipo mkono wa Bibi ukavuka sinia, ukachukua lile jani. Akalipangusa wali, akalikunja mara mbili, akalitia mdomoni.

"Mama, tema," Shangazi akasema.

Bibi alitafuna. Meno yake hayakuwa mengi, na yaliyokuwepo hayakukutana, kwa hiyo alitafuna kwa muda mrefu, akihamisha jani shavu hili na shavu lile, na sisi sote tukimtazama kama watu wanaotazama mtu anavuka mto. Shangazi akasema tena mama, tafadhali, tema. Bibi akanyoosha mkono, Mama Mdogo akampa maji, akameza.

"Tangu baba yenu afariki," akasema, "hakuna aliyehangaika kunitafutia dawa ya mapenzi. Acheni na mimi nionje."

Baba alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Bibi akaendelea, kwa uso mkavu, kwamba jani lenyewe ni gumu na majani yetu ya kunde ni afadhali. Kwamba yeye atakaa hapa Chang'ombe achunguzwe. Akionekana anampigia magoti mkwe wake, wajue ni dawa. Asipoonekana, Tabitha atalipa faini ya debe la uwele. "Sasa tule, pilau inapoa."

Tukala. Nilikula kama mtu aliyetoka porini.

Bibi alikaa kwetu karibu mwezi. Shangazi alikuja mara kwa mara kumkagua, akimwangalia machoni na kwenye kucha. Bibi alikula maharage, alikula pilau, na wali wa maziwa aliuombea nyongeza. Akaanza kumwita Mama Mdogo mwanangu. Akamfundisha kuanika majani ya kunde, na yale majani magumu ya pilau yakaanikwa pembeni yao, ungo mmoja, hadharani, chini ya jua la watu wote. Shangazi akasema, si mnaona, imemshika na yeye. Na mpaka leo hajabadilisha maneno, ingawa akija husali, hunawa, na hula sahani mbili. Uwele hatukuuona. Habari ya Kondoa haikutajwa tena.

Mimi niliendelea kumchunguza Bibi kwa muda mrefu, nikitafuta dalili. Kisha nikakua, na kisa hicho kikawa cha kuchekesha watu.

Nikiwa kidato cha nne nilikwenda Mkonze likizo, tukawa tunamenya karanga uani, mimi na yeye. Nikamkumbusha. Nikamwigiza Shangazi akisema mama, tema, nikamwigiza yeye na meno yake yasiyokutana, nikacheka mpaka nikamwaga karanga. Bibi hakucheka.

"Wewe unacheka," akasema. "Mimi nilimeza nikijua ni dawa."

Nikamuuliza, sasa kwa nini aliimeza.

"Mwanangu alikuwa anacheka tena. Tangu mama yako afariki sikuwahi kumsikia. Kama ni dawa iliyomchekesha, mimi ningeitoa ya nini? Nilitaka tu kujua inaua au haiui. Nani mwingine angeionja? Wewe?"

Akachukua karanga nyingine. Mbele yetu zizini walikuwa wanazunguka wajukuu wa yule mtamba mwenye doa, na baadhi yao walikuwa na doa lile lile shingoni. Nikaviona tena vile vyungu vilivyooshwa na kupangwa kichwa chini, na ufunguo mkononi mwa jirani, kama nyumba ya mtu asiyetegemea kurudi. Nikaikusanya ile Jumapili upya, kuanzia asubuhi, na mikono yangu ikasita kwenye karanga kama yake ilivyosita zamani.

Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba Bibi alimaliza ule wasiwasi kwa sababu yeye hakuwa nao. Kumbe alikuja nao Chang'ombe wote, kila chembe, akauvalia kitenge cha Krismasi. Nami nilikuwa nyuma ya pipa nikipima kama upendo wangu ni wa kweli kwa kutokula. Yeye aliupima wake kwa kula.

Haya, maziwa yameshika, tazama yanavyokivuta kijiko. Mama Mdogo anakuja mchana kuwaona wajukuu, na siku hizi ndiye anayenikagua mimi. Nawe ukipika nyumbani, usiogope. Tia jani moja zima tangu maziwa yakiwa ya baridi, moto uwe mdogo, koroga bila kuchoka. Wali ukishaiva, litoe jani kwa kijiko ukiwa umewaelekea wanaosubiri kula, liweke ukingoni mwa sahani ambapo kila mtu analiona, kisha pakua.